Oili chafu na betri mbovu za gereji: nimpe nani abebe?

SWALI: Habari zenu hapo. Mimi nina gereji ndogo huku Jomvu, Mombasa, mafundi wanne na mimi wa tano. Miaka yote oili chafu nauzia vijana wanakuja na pikapu, wengine wanapaka miti ya ua isiliwe na mchwa, wengine sijui wanapeleka wapi, na betri mbovu anachukua mzee wa skrepa. Mwezi uliopita wakaja maofisa wa NEMA, ile mamlaka ya mazingira ya serikali, wakakuta madrumu sita nyuma ya gereji, wakasema nitafute kampuni yenye leseni ya kubeba taka hatari. Nimepigia watu watatu, wote wanasema leseni wako nayo, na mmoja bei yake ni nusu ya wenzake. Nitajuaje mkweli ni nani? – Fundi, Jomvu

JIBU: Fundi pole, ila shukuru umeonywa tu, manake ile sheria ya mazingira ya 1999 kwenye taka hatari faini yake inaanzia milioni moja, au jela miaka miwili, au vyote.

Tuanze na leseni. Picha ya WhatsApp isikutoshe, omba nakala uisome polepole kama unavyosoma logbuku ya gari unalotaka kununua. Leseni ya NEMA ya kubeba taka ni ya mwaka mmoja, kwa hivyo tarehe ndiyo ya kwanza kuangalia, wengi wanatembea na ya mwaka juzi. Halafu angalia inasema taka gani, kwa sababu mwenye leseni ya kuzoa takataka za majumbani hana ruhusa ya kugusa oili yako hata kama lori lake linang'aa. Halafu namba ya gari. Hapa ndipo watu wanachezwa sana, kampuni inakuwa na lori moja limeidhinishwa, siku ya kuja kubeba linatumwa lingine la rafiki yake, dereva kavaa kandambili, na wewe umeshafungua geti. Namba ya lori lililosimama hapo nje kama haiko kwenye karatasi, usipakie, wacha anune. Ukitaka kuhakikisha leseni yenyewe si ya kuchapisha mtaani, NEMA wana orodha ya waliopewa leseni kwenye tovuti yao, au ingia ofisi yao ya kaunti na hiyo nakala uwaulize.

Sasa hayo yote mtu anaweza kuwa nayo na bado akakutia shimoni. Nikuambie, zamani nilikuwa mtunza stoo kwenye karakana moja ya malori, jina nalihifadhi, tukampa mzigo mtu mwenye karatasi zote safi kabisa. Baada ya wiki tatu madrumu yetu yakaokotwa kando ya mto yametobolewa, na rangi nyeupe ubavuni imeandikwa jina la nani? La kwetu. Yule bwana simu haipatikani. Bosi alitembea ofisi za watu mpaka viatu vikaisha, na mimi nikaulizwa nakala ya fomu ya kufuatilia mzigo iko wapi na nilikuwa sina, nilimsainia tu pale getini akaenda nazo zote.

Ndiyo maana mimi swali langu la kwanza kwa mwenye lori siku hizi ni: unashusha wapi? Akikujibu "tuna yadi yetu" bila kutaja ni wapi, kata simu. Anatakiwa ataje kiwanda cha kusafisha oili, au anayeyeyusha betri, au tanuri la kuchomea, na hao nao wana leseni yao tofauti na ya kubeba. Ukipata jina, wapigie wewe mwenyewe, uliza kama wanamjua na kama wanapokea mzigo wa aina yako. Dakika tano tu hizo.

Na fomu ya kufuatilia mzigo, ile iliyokuja na kanuni za taka za 2006, ijazwe kabla lori halijatoka: taka gani, kiasi gani, inatoka kwa nani, inaenda kwa nani. Dereva anatembea nayo njia nzima. Wewe ubaki na nakala, na usimalize kulipa mpaka upate ile yenye sahihi ya aliyepokea, hilo la malipo si sheria ni ujanja wangu tu lakini linafanya kazi ajabu.

Bei ya nusu... hapa nisikudanganye. Oili chafu na betri zina thamani, hata mwenye leseni halali anaweza kukulipa wewe, kwa hivyo bei ya chini peke yake si ushahidi. Lakini muulize huyo wa nusu bei kuhusu filta zilizotumika, vitambaa vya grisi, brekilaini, vitu ambavyo hakuna anayevinunua. Akisema atabeba hivyo navyo kwa bei ya bure, jua vinaishia kwenye korongo fulani.

Kwa upande wako, usichanganye oili na kulanti (ile dawa ya maji ya rejeta) au petroli kwenye drumu moja, huyo msafishaji ataikataa. Betri zisimame wima juu ya paleti, asidi isimwagwe, na drumu liandikwe ndani mna nini, jina lako, na alama ya hatari. Mzee wa skrepa mwambie kwaheri kwa heshima. Mtaa wa Owino Uhuru si mbali na wewe, unajua kule kiwanda cha kuyeyusha betri kilichofanya watoto kukutwa na sumu ya madini ya risasi kwenye damu, mahakama ya mazingira ikaamua 2020 wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na kesi ikapanda mpaka Mahakama ya Juu.

SWALI: Nina kliniki ndogo Nakuru. Lori la taka la kawaida linaweza kubeba sindano zilizotumika kama nimezifunga vizuri kwenye mfuko? – Mama Kliniki

JIBU: Hapana mama, hata ukifunga mara tatu, mfuko unatobolewa na yule kijana anayepakia kwa mikono mitupu. Sindano ziende kwenye safeti boksi, lile boksi gumu la sindano zilizotumika, funga ikifika robo tatu usishindilie, zile pamba na bandeji zenye damu zikae mfuko wao wa rangi, na mbebaji awe na leseni ya taka za hospitali. Kama mzigo wako ni mdogo, ongea na hospitali kubwa ya karibu yenye tanuri muandikiane mkataba, na hao wakikupa fomu usiniige, weka nakala.