Umeme wa jua kwenye trela: hesabu kwanza, paneli baadaye

Trela yangu inalaza watu wanne. Niweke paneli ngapi?

Swali hili haliishi, na kila muulizaji ananitajia ukubwa wa trela. Trela haili umeme, vifaa vilivyomo ndivyo vinavyokula! Andika kila kifaa, wati zake na saa zake za kazi kwa siku, zidisha, kisha jumlisha. Taa ya wati 5 kwa saa 4 ni wati-saa 20, si kitu. Friji ya kompresa ya wati 50 ikizunguka jumla ya saa 12 ni 600. Weka simu, feni na pampu ya maji, umefika 800. Sasa paneli: wati 100 kwenye jua kali kwa muda wa saa 5 ni wati-saa 500 za karatasini. Toa joto, vumbi na umeme unaopotea njiani, panga kupata 350. Wati 250 zitakutosha kwa shida. Mimi ningefunga 300. Bila orodha hiyo, usiniulize tena.

Nina betri ya gari. Inafaa?

Haifai. Imetengenezwa kuwasha injini kwa sekunde chache; ukiinyonya kila usiku itakufa mapema. Hata betri ya risasi iliyotengenezwa kwa sola usiishushe chini ya nusu, kwa hiyo ampea-saa (Ah) 100 za volti 12 ni wati-saa 600 za kutumia, si 1,200. Lithiamu hutoa karibu zote, ila isichajiwe kwenye baridi ya chini ya nyuzi 0.

Inveta (kifaa cha kugeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 3,000 itachemsha birika?

Birika la wati 2,000 linavuta zaidi ya ampea 165 kwenye volti 12. Chemsha kwa gesi. Na inveta izimwe isipotumika, kwani hula betri hata bila kifaa.

Paneli za paani au za kukunja?

Ukipenda kulala chini ya miti, za kukunja. Kivuli cha tawi moja juu ya seli chache hupunguza umeme wa paneli nzima.

Fyuzi ni lazima?

Lazima, tena karibu kabisa na ncha chanya ya betri. Waya zikigusana, betri humwaga mamia ya ampea, na waya hizo zimepita nyuma ya mbao unapolaza watoto. Fundi akisema fyuzi zinaweza kusubiri, mwondoe kazini.

Naanza kuunganisha nini?

Betri kwenye kontrola (kifaa kinachodhibiti chaji ya betri), kisha paneli. Wakati wa kufungua, paneli zitangulie kutoka.