Nguo ya mahafali kwa pesa kidogo: maswali yenu na majibu yangu

Mtihani wa taifa wa kidato cha nne huanza Novemba, kwa hiyo mahafali mengi huangukia kati ya Agosti na Oktoba. Mchana wanafunzi huvaa sare au joho na wazazi hupiga nao picha. Jioni, katika shule nyingi siku hizi, kuna hafla ya kuagana: chakula, keki, halafu muziki. Meseji zinazonimiminikia msimu huu zinahusu hiyo ya jioni. Mimi ni fundi cherehani, kibanda changu kiko Temeke, na nguo za sherehe ndizo zilizosomesha watoto wangu. Nimechagua maswali yanayojirudia.

Shikamoo mama. Nasoma kidato cha nne, naishi Mbagala. Nina 40,000 ya kila kitu, kuanzia gauni mpaka viatu. Wenzangu wananunua magauni mapya Kariakoo. Nikivaa la mtumba si watajua?

Marahaba mwanangu. Watakachokiona ni kama gauni limekukaa au limekuvaa wewe. Gauni jipya la dukani limekatwa kwa vipimo vya mtu ambaye hayupo, na la mtumba ni hivyo hivyo. Ila la mtumba linakuachia pesa ya fundi, na fundi ndiye anayeligeuza likawa lako.

Igawe pesa yako kabla hujatoka nyumbani. Gauni lisizidi 15,000. Weka pembeni 10,000 ya fundi wala usiiguse, hata ukikutana na gauni zuri kiasi gani. Viatu 10,000. Inayobaki ni nauli na hereni.

Nenda Karume, Ilala, mapema asubuhi, na uwaulize wauzaji ni siku gani wanafungua belo la magauni. Ukichelewa utakuta wenzako wameshachambua. Usihangaike kutafuta linalokutosha kabisa, tafuta lililokuzidi kidogo. Kupunguza ni kazi ya saa moja. Kuongeza haiwezekani kama ndani ya mshono hakuna akiba ya kitambaa. Kabla ya kuuliza bei, ligeuze ndani nje: angalia kwapani, angalia zipu, angalia bitana, kisha liinue kwenye mwanga uone kama lina vitundu. Kwapa lililogeuka manjano liache, halisafiki. Zipu mbovu isikutishe, itumie kuombea bei ipungue, maana zipu mpya ni kitu kidogo na kuibadilisha ni nusu saa.

Kuhusu rangi, chukua rangi moja iliyokolea: kijani cha chupa, buluu nzito, damu ya mzee. Satini ya bei nafuu yenye rangi ya kung'aa inaonyesha kila mshono uliovutika na kila tone la jasho, na wewe unakwenda kucheza muziki.

Mwaka jana alikuja binti na gauni jeusi alilolipata kwa 7,000. Lilikuwa refu, linafagia sakafu, na kiunoni lilikaa kama gunia. Nilimsimamisha juu ya stuli, nikaweka pini, nikakata pindo kama sentimita 20. Kile kipande nilichokata sikukitupa. Nilikikunja nikakipigia pasi, nikashona mkanda mpana wa kiunoni wenye kufungwa nyuma. Alipojitazama kwenye kioo alinyamaza kwanza, halafu akaniomba azunguke tena. Hakuna aliyemuuliza kuhusu duka.

Mama, nimenunua koti la suti mtumbani kwa 12,000. Mabega yamenizidi na mikono inafika vidoleni. Fundi kasema atalipunguza lote kwa 10,000. Nimpe? Niko Gongo la Mboto.

Usimpe bado, mwanangu. Mikono ni kazi nyepesi, mabega siyo. Ndani ya bega la koti kuna pedi, kuna kichwa cha mkono, na kola inaanzia hapo hapo. Kulishusha vizuri ni kulifumua koti zima na kulishona upya, na hakuna fundi atakayeifanya kazi hiyo kwa 10,000 akaifanya ipasavyo.

Jipime hivi. Simama ubavu ukiwa karibu na ukuta, sogea polepole. Mkono ukigusa ukuta kwanza, koti linafaa. Pedi ikitangulia kugusa na mkono ukabaki unaning'inia hewani, koti si lako. Likizidi kidogo tu, fundi anaweza kutoa pedi nene akaweka nyembamba, ukatoka salama. Likizidi sana, rudi kwa muuzaji leo leo, ongea naye kwa adabu, omba kubadilisha. Wengi wanakubali ukiwahi na koti likiwa halijaguswa.

Ukipata linalokaa begani, hapo toa pesa ya fundi kwa moyo mweupe. Aingize kiuno pande zote mbili kwa nyuma, afupishe mikono iishie kwenye kifundo cha mkono ili shati lichungulie kama sentimita moja. Lakini tazama vifungo vya mikononi kwanza. Kama vinafunguka kweli na vina matundu yake, mkono huo haufupishwi kwa chini, maana matundu yatabaki yamening'inia ukingoni. Wengi wanalia kwa hili baada ya mkasi kupita.

Suruali si lazima itoke kwenye suti ile ile. Koti la buluu nzito na suruali ya kijivu vinapendeza. Usijaribu kuunganisha nyeusi mbili za vitambaa tofauti. Kwenye kibanda zitafanana, ukitoka nje moja itavuta kwenye wekundu na nyingine kwenye ubuluu. Suruali ikikubana kiunoni, fungua uangalie mshono wa nyuma kwa ndani. Mara nyingi mna akiba ya sentimita mbili tatu za kuachia.

Halafu mambo madogo. Kitambaa chenye jina la kampuni kilichoshonwa juu ya mkono wa koti kinatolewa, hakivaliwi. Uzi wa alama ya msalaba kwenye mpasuo wa nyuma unakatwa. Kifungo cha chini hakifungwi. Koti usiliroweke kwenye beseni, pedi zitajikunja. Lianike kivulini siku mbili harufu ya mtumba itoke, kisha lipige pasi juu ya kitambaa chenye unyevu.

Binti yangu anataka tukodi gauni, 50,000 kwa siku moja, na dhamana juu. Wenzake wanakodi. Ni sawa? Mama wa Tanga.

Dada yangu, kwa bei hiyo hapana. Kukodi kuna maana pale nguo yenyewe ni ghali mno kununua, kama la bibi harusi. Kwa 50,000 unashonesha gauni likabaki nyumbani, mdogo wake akalivaa naye.

Lakini kabla ya kwenda popote, fungua sanduku lako. Nakuuliza kwa upendo: una sare ngapi za harusi humo? Kila sendofu tunachanga, tunanunua kitambaa cha rangi waliyochagua wenye shughuli, tunashona, tunavaa mara moja, tunakunja. Mimi mwenyewe nilikuwa nazo tisa. Lesi iliyo sandukuni kwako pengine ni bora kuliko gauni hilo la kukodi, na kutoka gauni la mtu mzima fundi anapata la binti wa miaka 17 na kitambaa kinabaki. Muite binti, mzitoe zote mzitandaze kitandani, achague yeye. Akichagua mwenyewe hataona kama amepewa la mama, ataona amelipata.

Mkishindwa kabisa na kukodi kukawa lazima, pigeni picha gauni mbele na nyuma kabla ya kulichukua, na muandikishane kiasi cha dhamana na siku ya kurudisha.

Asalaam alaykum. Mimi ni msichana wa Magomeni, navaa hijabu. Magauni yote ninayoyaona yako wazi mabegani. Nimeambiwa nivae fulana ya mikono mirefu ndani yake. Nitapendeza?

Waalaykum salaam mwanangu. Fulana ndani ya gauni la mikono mifupi inajikunja kwapani, inakutia joto, na usiku mzima utakuwa unaivuta. Gauni la stara lishonwe likiwa la stara tangu mwanzo.

Kwako ningesema kitenge. Nenda maduka ya Mtaa wa Uhuru, nunua yadi nne. Kwa gauni refu la mikono mirefu, kwa mwili wa kawaida, zinatosha kama maua si makubwa ya kulinganisha. Geuza kitambaa uone nyuma yake: rangi ikiwa imekolea pande zote mbili, kitambaa kimechapwa vizuri. Nyuma ikipauka kama imemwagiwa maji, rangi imekaa juu juu. Cha pamba kiroweke usiku mmoja na kukianika kabla ya kumpelekea fundi, kwa sababu kitajikunyata, na ni afadhali kijikunyate kabla ya kukatwa.

Mtandio uwe wa rangi moja iliyomo ndani ya kitenge, tena ile iliyo kidogo kuliko zote. Shifoni inateleza, kwa hiyo vaa kikofia cha pamba ndani, weka pini mbili, na uicheze ngoma moja nyumbani mbele ya kioo. Ikikaa ngoma moja itakaa usiku kucha.

Fundi wangu ananiambia kesho, kesho, na mahafali ni Jumamosi. Nifanye nini? Mzazi, Morogoro.

Nenda leo, kaa hapo kibandani. Sisemi ugombane naye. Kaa tu, mwambie utasubiri. Nguo ya mtu aliyekaa mbele ya fundi huingia kwenye cherehani kabla ya nguo ya mtu aliye kwenye simu, hilo nalisema nikiwa fundi. Kama hajakata kitambaa mpaka leo, kichukue upeleke kwingine. Kama ameshakata, usikiondoe, maana fundi wa pili akipokea vipande vya mwenzake hatajua vilikatwa kwa mshono gani.

Na wengine mnaosoma: siku mnayomtajia fundi iwe wiki moja kabla ya sherehe. Wiki hiyo ni ya kujaribu nguo na kurekebisha. Jaribu kwa kukaa chini, kwa kuinua mikono juu, kwa kucheza. Nguo inayopendeza ukiwa umesimama wima tu haifai kwa muziki.

Nivae viatu vya kuchuchumia au vya chini? Sijawahi kuvaa virefu.

Vya chini, au vyenye kisigino kipana cha sentimita nne hivi. Usiku wa kuagana na marafiki wa miaka minne si usiku wa kujifunza kutembea.

Hujambo mama, niko Kisauni, Mombasa. Sina pesa ya koti wala viatu vipya. Naweza kwenda na viatu vyangu vyeusi vya shule?

Sijambo mwanangu. Ndiyo, nenda navyo. Vioshe matope, vikauke kivulini, vipake rangi ya viatu, viache dakika kumi, kisha uvisugue kwa soksi kuukuu mpaka ving'ae. Badilisha kamba, kamba mpya ndiyo inayofanya kiatu kionekane kipya.

Koti kwa joto la Mombasa huna haja nalo. Shati jeupe la pamba kutoka soko la Kongowea, suruali nyeusi, tai. Shati likague kola kwa ndani, pale shingo inapogusa, ndipo linapoanza kuchakaa. Tai iishie kwenye chuma cha kufungia mkanda. Na kama nyumbani kuna kanzu safi na kofia ya viua, na shule inaruhusu, vaa hiyo. Kanzu iliyopigwa pasi ni vazi rasmi kamili na wazee wako wamefungia ndoa ndani yake.

Mama, binti yangu amesema haendi kwenye hafla. Anadai anaumwa tumbo, lakini najua ni nguo. Nina 10,000 na gauni la shangazi yake ambalo ni kubwa mno. Baba wa Tandika.

Kaka yangu, nimeisoma meseji yako mara mbili. Asibaki nyumbani. Miaka minne amekaa na wenzake darasani, baada ya mtihani watatawanyika, wengine hataonana nao tena. Usimwambie kwamba nguo si kitu, kwa sababu kwake leo ni kitu, na akisikia hivyo atafunga mlango. Mwambie kwamba umeona, na kwamba umeshamtafutia fundi.

Gauni kubwa mno ndilo gauni ninalolipenda, kwa sababu kitambaa kipo cha kufanyia kazi. Kwa 10,000 hiyo tutaingiza ubavuni, tutapandisha mabega, na pindo litakalokatwa huenda likatoa hata kipochi cha mkononi. Tandika na Temeke ni pua na mdomo. Nimekujibu kwenye simu yako jinsi ya kufika. Alhamisi baada ya saa kumi sina mteja. Aje na gauni hilo, na aje na viatu atakavyovaa siku yenyewe, ili nimpimie pindo akiwa amevivaa.