Jibu: Huduma ni za bure, mbona vijana maskini hawaji?

Salaam, ndugu. Umeeleza kwamba kliniki yenu hutoa kondomu na vipimo bila malipo, lakini vijana wa familia maskini hawafiki. Kwa nilivyoona katika kazi ya ushauri nasaha, kagua kwanza saa za kufungua na umbali: dawa za kuzuia VVU baada ya kujamiiana bila kinga hazina budi kuanzwa ndani ya saa 72, na binti anayefanya kazi hadi jioni, asiye na nauli, huzikosa. Kisha keti kwenye benchi la kusubiria, usikilize kama muuguzi hutaja shida ya mtu kwa sauti. Mafunzo ya kondomu pekee (hapa wengi hujidanganya) hayamsaidii binti ambaye mwanamume anayemlipia ada ndiye anayeamua kama itavaliwa. Muulizeni, faraghani, nani anamtunza.