Simu za usumbufu na za waliokosea namba: je, nibadilishe namba ya biashara?

SWALI: Nina karakana ndogo ya kutengeneza vyerehani. Tuko wawili tu, na laini ya simu ni moja. Kila siku tunapigiwa na watu wanaotafuta zahanati tusiyoifahamu, simu nyingine zinakuwa kimya tukipokea, na wapo wateja wetu wenyewe wanaopiga mara kwa mara kwa siku moja kuulizia mashine ileile. Kazi haiendi. Je, nibadilishe namba?

JIBU: Ningekushauri usiibadilishe kwa sasa. Namba hiyo imekwisha kuandikwa kwenye stakabadhi, kwenye bango na katika simu za wateja wa miaka yote, na ukiiacha utawapoteza baadhi yao bila hata kujua kwamba walikutafuta. Isitoshe, namba iliyokaa bila kutumika hurudishwa na kampuni ya simu na kugawiwa mtu mwingine. Nchini Marekani, kwa mfano, kanuni inataka ikae angalau siku 45 kabla ya kugawiwa upya. Kwa hiyo namba utakayoiita mpya huenda ilikuwa ya mtu anayesakwa na wanaomdai, nawe ukazirithi simu zake zote.

Kabla ya kuzuia namba yoyote, tafuta kwanza simu hizo zinakufikia kwa njia gani, kwa sababu kila chanzo kina dawa yake. Weka daftari kando ya simu kwa wiki moja au mbili. Andika saa, namba iliyopiga, na nani alikuwa anatafutwa. Kisha kila anayetafuta zahanati muulize kwa upole: "Tafadhali nisomee namba uliyobonyeza, na uniambie umeipata wapi." Usimtajie namba yako kwanza, kwa kuwa mtu mwenye haraka atakubali tu bila kuangalia, nawe utakosa jibu unalolihitaji.

Akisoma namba inayotofautiana na yako kwa tarakimu moja, au yenye tarakimu mbili zilizobadilishana nafasi, basi kosa ni la kidole. Simu za namna hii huwezi kuzimaliza, lakini unaweza kuzuia zisijirudie. Wengi wakiambiwa wamekosea hukata na kubonyeza tena namba ileile ya mwisho, kwa hiyo mwambie ni tarakimu ipi aliyoikosea kabla hajakata.

Akisoma namba yako sawasawa, kosa limo katika maandishi fulani: ukurasa wa intaneti, ramani ya kwenye simu, tangazo, au cheti cha mgonjwa kilichochapwa vibaya. Ndiyo maana swali la "umeipata wapi" lina thamani kubwa. Majibu matatu au manne yakielekeza mahali pamoja, waandikie wenye zahanati, ukiwataja ukurasa au karatasi yenyewe, na uwaombe wairekebishe. Ramani nyingi za intaneti humruhusu mtu yeyote kupendekeza marekebisho ya namba, nawe usingoje wafanye wao.

Jibu la tatu ndilo linalowachanganya watu wengi, nami naomba ulizingatie zaidi. Mpigaji anaapa kwamba hakukosea, anasoma namba ya zahanati isiyofanana na yako hata kidogo, na bado simu imelia kwako. Huyo msadiki. Inaelekea laini ya zahanati imewekewa maagizo ya kuhamishia simu kwingine isipopokelewa, ikiwa inatumika au ikiwa imezimwa, na aliyeweka maagizo hayo alikosea namba akaandika yako. Dalili yake ni kwamba simu huja kwa mafungu, hasa saa ambazo zahanati imefungwa au ina watu wengi.

Hili linapimika. Chukua simu nyingine, piga namba ya zahanati, uiache iite. Katika mitandao ya GSM, yaani mfumo unaotumiwa na simu nyingi za mkononi, muda wa kungoja kabla ya simu kuhamishwa unaweza kuwekwa kati ya sekunde 5 na 30. Ikiwa muda huo ukipita simu ya karakana inaanza kulia, umepata ushahidi. Kwa upande wako hakuna unachoweza kufuta, kwa sababu maagizo yamo kwenye laini yao. Waombe wabonyeze *#61# kwenye simu yao wenyewe na kupiga, nao wataona simu zisizopokelewa zinapelekwa namba gani. *#67# huonyesha simu za wakati laini inatumika, *#62# za wakati haipatikani, na *#21# zile zinazohamishwa zote moja kwa moja. Msimbo ##002# hufuta maagizo yote kwa pamoja, lakini waonye kwamba unaweza kusimamisha pia huduma yao ya ujumbe wa sauti. Simu za mezani huweza kuwa na misimbo mingine, na hapo kampuni yao ya simu ndiyo ya kuulizwa.

Simu za kimya mara nyingi hutoka kwenye mashine za kampuni zinazotafuta wateja kwa simu, ambazo hupiga namba nyingi kwa wakati mmoja kuliko wahudumu waliopo, zikitegemea kwamba wengine hawatapokea. Wakipokea wengi, baadhi yao hukuta hakuna wa kuzungumza nao. Zuia namba inayorudia, ila usiipigie kuikaripia. Namba inayoonekana kwenye kioo inaweza kughushiwa, na mwenye namba hiyo huenda hana habari. Usiipigie pia namba ya nchi usiyoijua iliyolia mara moja ikakata, kwa maana wapo wanaofanya hivyo ili urudishe simu kwa gharama kubwa wanayogawana. Jambo moja nalisisitiza: usiwashe kabisa kwenye simu ya biashara kile kipengele cha kunyamazisha namba zote zisizohifadhiwa. Kila mteja mpya ni namba isiyohifadhiwa.

Kuhusu wateja wako, sikubaliani nawe kuwaweka katika fungu moja na hawa. Anayepiga mara nyingi kuulizia mashine yake hana tarehe ya kuaminika, au aliambiwa "njoo kesho" mara mbili akakuta kazi haijaguswa. Andika kwenye stakabadhi siku ya kuchukua mashine na maneno haya: "Tutakutumia ujumbe ikiwa tayari." Kisha tuma ujumbe huo siku hiyohiyo. Ikiwa kipuri kimechelewa, mpigie wewe kabla ya siku uliyomwahidi, kwa sababu simu moja fupi inayotoka kwako huokoa nyingi zinazoingia. Pangeni pia zamu, mmoja apokee simu asubuhi na mwingine mchana, ili aliyefungua mashine asilazimike kuinuka na mikono yenye mafuta.

Anayetukana ni suala jingine. Mwambie mara moja, bila kupandisha sauti: "Niko tayari kukusaidia, lakini ukiendelea na matusi nitakata simu." Akiendelea, kata, na uandike saa na maneno aliyoyatumia. Ukitaka kurekodi mazungumzo, mjulishe kwanza, maana sheria za kurekodi hutofautiana kati ya nchi na nchi. Akitoa vitisho, usibishane naye na usiifute namba yake kwenye kumbukumbu za simu. Peleka daftari na kumbukumbu hizo polisi, na uiombe kampuni yako ya simu ikueleze utaratibu wake wa kupokea malalamiko ya aina hiyo.