Nairobi hadi New York: soma tiketi kwa makini kabla ya kuhesabu kilomita

Tiketi ya kwanza ya mama yangu kwenda New York kumwona dada ilisema ndege ingeondoka Nairobi tarehe 12 saa 00:40. Sisi tunaohesabu saa za Kiswahili tuliisoma kuwa saa sita na dakika arobaini usiku wa tarehe 12, tukamtoa Mombasa mchana wa siku hiyo, na alipofika uwanjani akaambiwa kwamba ndege yake iliondoka usiku uliotangulia. Kosa lilikuwa langu, kwa sababu mimi ndiye niliyeisoma tiketi, na gharama ya kununua nyingine iliiumiza familia nzima. Tangu siku hiyo namsihi kila msafiri akumbuke kwamba kwenye tiketi tarehe hubadilika saa sita kamili usiku. Kwa hiyo ndege ya 00:40 ya tarehe 12 inakutaka uwe uwanjani tarehe 11 jioni.

Umbali wenyewe ni takriban kilomita 11,800. Ndege ya moja kwa moja, ambayo Kenya Airways iliianzisha Oktoba 2018, huchukua kama saa 15 kwenda na kama saa 14 kurudi, kwa kuwa pepo kali za juu angani huvuma kutoka magharibi kuelekea mashariki, zikiizuia ndege inapokwenda na kuisukuma inaporudi. Ukipitia London, njia huongezeka kwa kilomita kama 500 tu, lakini safari huweza kuzidi saa 20, maana kinachoirefusha ni kusubiri ndege ya pili. Kwa mzee anayesafiri peke yake, ningelipa zaidi ili aende moja kwa moja, nikiwa na uwezo huo.

Ukitaka kujua muda halisi wa safari, usitoe saa ya kuondoka katika saa ya kufika kama zilivyoandikwa, kwani kila moja ni ya mji wake. Tuseme ndege inaondoka Nairobi saa 23:25 na kufika New York saa 06:25 asubuhi inayofuata. Kwa macho ni saa saba; lakini wakati wa baridi New York iko nyuma ya Nairobi kwa saa nane, kwa hiyo abiria amekaa angani saa 15.

Hesabu hii ina uzito zaidi kwa anayetumia dawa. Mama hunywa vidonge vya shinikizo la damu kila asubuhi, na daktari wake ndiye aliyetupangia namna ya kuvihamishia kwenye saa za Marekani. Mwenye kujidunga insulini asithubutu kuondoka bila ushauri wa namna hiyo. Dawa zikae katika mkoba wa mkononi.

Jambo la mwisho ni kwamba Kenya haibadilishi saa zake, ilhali New York huzisogeza mbele mwezi Machi na kuzirudisha nyuma mwezi Novemba. Mwezi Julai tulikuwa tukimpigia mama simu saa tatu usiku, kwake ikiwa saa nane mchana. Ilipofika Novemba, simu ya saa ile ile ilimkuta saa saba, akiwa bado anaswali adhuhuri, nasi tukaanza kupiga saa nne.