Kama huwezi kuomba vizuri, mlalamikie Mungu

Mtu akiwa na mgonjwa ndani au akifiwa, kanisani tunamwambia omba sana mpendwa, usimkufuru Mungu, halafu yule mtu akipiga magoti anaogopa kusema kilichopo moyoni, anaishia kusifu na kushukuru huku ndani anaungua. Mi nimemuuguza mama figo zilipofeli, na kilichonishika kipindi kile ni maombi ya kulalamika.

Ndio, kulalamika. Fungua Zaburi 13 uone Daudi anavyoanza, "Ee Bwana, hata lini utanisahau, hata milele?" Zaburi 88 ndo kabisa, inaanza na kilio inaishia gizani, pale mwisho hakuna cha lakini nitakusifu, na bado ipo kwenye Biblia. Mama alikua anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, karibu masaa manne kila safari, sisi ndugu tunasubiri nje kwenye benchi, basi mi naisoma kwenye simu kwa sauti ya chini, nikimaliza mstari nasimama naongeza ya kwangu, Bwana hela ya wiki ijayo hatuna, mkono wa mama umevimba pale wanapochoma sindano, na wewe umenyamaza. Kuna dada alikua anamleta mumewe, siku moja akanisogelea akaniambia soma na mimi nisikie. Toka hapo tukawa tunasoma wote, na yeye anataja ya kwake.

Kwa nini mama aumwe vile sikuambiwa, hata alipofariki sikuambiwa. Na mtu akikujia na jibu la haraka eti Mungu anakupima au kuna dhambi umeificha, kumbuka wale rafiki wa Ayubu, walifanya jambo jema zile siku saba walizokaa naye chini kimya, walipofungua mdomo ndo wakaharibu mpaka Mungu mwenyewe akawakasirikia. Mi nilichopata ni mahali pa kusema ukweli wote bila kufukuzwa. Yesu pale Gethsemane aliomba kikombe kimwepuke, akarudia mara tatu maneno yale yale, na msalabani akalia na Zaburi 22, mbona umeniacha. Sasa wewe ukirudia ombi moja kila siku nani akuambie huna imani?

Kuna siku hata zaburi haisomeki, usijilazimishe, kaa ulie tu, Warumi 8:26 inasema Roho anatuombea kwa kuugua kusikoweza kutamkwa. Au ita mtu wa jumuiya yenu aombe yeye, wewe itikia amina. Na jamani dawa na kliniki msiache, anayetaka uache dawa ndo uonyeshe imani usimsikilize kabisa, hata awe na jina kubwa namna gani.

Kama upo kwenye hali hiyo sa hivi, anza na hiyo Zaburi 13 leo usiku, ina mistari sita tu, na ukikwama mstari wa kwanza baki hapo hapo, kesho utaendelea.