Programu ya Zamani Ikigoma Kwenye Windows Mpya

Simu huwa inaingia kesho yake asubuhi, duka likiwa limeshafunguliwa na wateja wamesimama kaunta. "Fundi, umeniua." Kompyuta uliyoipiga Windows jana, yaani uliyoisakinishia Windows mpya, ni nzima, inawaka upesi kuliko zamani, ila ile programu ya stoo ambayo bosi anaitumia tangu enzi za Windows XP haifunguki. Kwa mwenye duka, programu hiyo ndiyo kompyuta yenyewe. Hayo mengine ni mapambo.

Nyinyi mnaoanza ufundi hapa Kariakoo mtazikuta sana kazi hizi, maana Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025 na watu wanahama. Kabla hujashika kipanya, mwulize mwenye duka anafungua nini kila siku, kisha akufungulie mwenyewe na akuonyeshe mauzo ya jana. Piga picha ya skrini hiyo kwa simu. Hiyo picha ndiyo itakayokuokoa, na nitawaeleza kwa nini.

Mwaka 2017 nilikuwa na kazi kwenye duka la vipuri vya magari, Gerezani. Tulitoka Windows 7 kwenda 10, bila kufomati (kufuta diski yote), kila kitu kikabaki mahali pake. Mimi kwa mazoea, kabla hata ya kuijaribu ile programu, nikaitia tiki ya kufunguka kwa uwezo wa msimamizi (Run as administrator). Si ndiyo tiba tunayofundishana mitaani? Programu ikafunguka mara moja. Nikaanza kukusanya bisibisi zangu.

Mzee akavaa miwani, akasogea. "Kijana wangu, mbona plagi zinasomeka boksi arobaini? Plagi ziliisha juzi." Akashuka chini kidogo kwenye orodha ya madeni. "Na huyu wa Mbagala alishanilipa zamani, hata gari lenyewe ameliuza." Duka lililokuwa kwenye skrini lilikuwa la mwaka 2012.

Nilitokwa jasho na feni inazunguka juu yangu. Ilinichukua hadi saa tisa kuelewa kilichotokea. Kuanzia Vista, toleo lililofuata XP, Windows hairuhusu programu kuandika ovyo ndani ya Program Files, folda ambamo programu husakinishwa. Programu za zamani, kwa upande wao, zimezoea kutunza data palepale zinapokaa. Ili zisife, Windows inazidanganya: programu inadhani imeandika kwenye folda yake, kumbe faili limepelekwa kwenye folda nyingine iitwayo VirtualStore, iliyo ndani ya AppData\Local ya mtumiaji, na AppData yenyewe imefichwa. Ukiifungua kawaida, inasoma huko huko, hakuna anayejua. Ukiifungua kwa uwezo wa msimamizi, uongo ule unazimwa, inasoma faili lililobaki Program Files tangu siku ilipowekwa. Mzee alihama XP mwaka 2012. Kwa hiyo miaka mitano ya mauzo ilikuwa VirtualStore, nami nilikuwa natazama masalia.

Nikaondoa tiki, plagi zikasoma sifuri. Ningekuwa na picha ya mauzo ya jana yake, ningeliona kosa mwenyewe kabla ya mzee. Kisha nikafanya lililopaswa kufanywa tangu mwanzo: nikakopi programu nzima kwenda C:\Duka, nje kabisa ya Program Files, nikachukua faili za VirtualStore nikazilaza juu yake, nikatengeneza njia mpya ya mkato. Sasa data na programu vinakaa nyumba moja. Hebu fikirini ningekuwa nimefomati, nikajisifu kwamba nimetunza folda ya programu!

Ndiyo maana siku hizi diski ya mteja siifuti. Nafunga diski mpya ya SSD, napiga Windows humo, ile ya zamani naitia kwenye bahasha yenye jina lake na namwambia aifungie kabatini miezi mitatu. Wapo wanaolalamikia gharama. Walalamike.

Jambo la pili ni biti, yaani ukubwa wa vipande vya data ambavyo Windows au programu inavishughulikia kwa mkupuo. Windows 11 ipo ya biti 64 tu. Programu za biti 32 inaziendesha bila shida, lakini za biti 16, zile za enzi za DOS (mfumo uliotangulia Windows) na Windows 3.1, haiziendeshi kabisa, hata uweke tiki zote za ukurasa wa Compatibility. Kuna mtego hapa: mara nyingine programu ni ya biti 32 lakini kisakinishi chake ni cha biti 16. Ikigoma kusakinika usikate tamaa. Kopi folda yake kutoka kwenye diski ya zamani uifungue moja kwa moja, nyingi zinakubali. Za DOS zijaribu kwenye DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS. Ikishindikana kabisa, weka VirtualBox, programu inayounda kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, na Windows ya zamani ndani yake, na uizimie mtandao, kwa sababu XP haijapata viraka vya kawaida vya usalama tangu Aprili 2014.

Programu ikidai .NET 3.5, kifurushi cha Microsoft ambacho programu nyingine hukitegemea, usimalizie bando la mteja: ipo kwenye flashi yako ya Windows, folda ya sources\sxs. Ikilia kwamba faili fulani la DLL (faili la msaada ambalo programu hulitegemea) halipo, usilichukue kwenye tovuti za kugawa DLL. Nimesafisha virusi vya kutosha.

Printa: draiva (programu inayoiwezesha Windows kuwasiliana na printa) ya biti 32 haifanyi kazi kwenye Windows ya biti 64, hata printa iwe nzima kiasi gani. Angalia kabla ya kupokea pesa.

Kinachonitisha zaidi ni tarehe, kwa sababu hakileti ujumbe wowote wa kosa. Windows ukiipiga bila kugusa mipangilio ya eneo inakuja na mtindo wa Kimarekani, mwezi mbele. Kwenye duka la dawa moja niliona dawa inayoisha 5 Desemba ikisomeka 12 Mei. Programu ilifunguka vizuri, ikachapa vizuri, na muuzaji alishaanza kutenga maboksi ya kutupa.

Na usitaje bei ya kupiga Windows kwa kazi ya namna hii. Sema ya siku nzima.

Ukimaliza, andika kwenye karatasi: tarehe, data inakaa wapi, umebadilisha nini. Ibandike ndani ya mfuniko wa CPU. Mwaka jana nilifungua mashine moja Ilala nikakuta mwandiko wangu mwenyewe, na chini yake fundi mwingine, simjui, ameongeza kwa kalamu nyekundu: "Ile flashi ndogo ya nyuma ni leseni, usichomoe."